Miguu Kwenye Kitako

Mzee Baltazari alishuka kwenye bajaji pale Nyasura akiwa amekumbatia bunduki iliyoviringishwa kwenye kanga ya mkewe. Gati alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Alimwona, lakini hakusimamisha randa.

"Mume wangu leo kaja na mahari," alisema.

"Mahari nilishamaliza kwa bibi yako. Wewe ni nyongeza tu."

Gati alikuwa mjukuu wa kaka yake, seremala mwenye cheti cha chuo cha ufundi alichokipigilia ukutani juu ya meza ya kazi, ili mteja asiyeamini mwanamke asome kwanza ndipo abishe. Yeye na babu yake walitaniana hivyo tangu alipoanza kuongea. Siku wakisalimiana kwa adabu, watu wa nyumbani huuliza nani anaumwa.

Ndani ya kanga mlikuwa na bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na baba yake. Mzee alikuwa ameshaitoa bolti, chuma kinachofunga chumba cha risasi, na kuitia mfuko wa koti pamoja na leseni, maana kwenye bunduki hakuwa na mchezo. Mfuko wa pili ulikuwa na kiboksi. Gati alikifungua akakuta miguu miwili ya chuma, myembamba, inayokunjwa kama ya panzi.

"Nataka unifungie hii. Bunduki isimame yenyewe, mimi nilenge tu."

"Kwani mikono yako imeenda wapi?"

Mzee aliunyoosha mkono wa kushoto. Vidole vilitetemeka kidogo, kama vya mtu aliyetoka kuoga ziwani asubuhi.

"Mwaka jana kwenye shabaha nilipata moja kati ya tano. Wanzagi akasema mwaka huu nisipofikisha tatu, porini nitaenda nao, lakini nitakaa kambini kupika."

Wanzagi wa Nyakato, Musoma, alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha wawindaji. Yeye na Baltazari walikuwa rika moja na walipingana kwa kila kitu.

"Miaka thelathini na minne nimewindaga na wale watu," mzee alisema. "Leo nimsongee Wanzagi ugali?"

"Ugali wako mbichi, babu. Utawaua wote, chama kibaki na mpishi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Shabaha ni Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwenye kiboksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo iliyochapwa kwa Kiswahili na Shija, kijana wa Mwanza aliyemuuzia mzee ile miguu. Gati aliisoma kwa sauti: "Fungisha miguu kwenye kitako kwa skrubu iliyomo."

Mzee alikuna kidevu. "Mimi nilidhani inakaaga huku mbele."

"Babu, kitako ni nini?"

"Ni hiki kinachokaa begani."

"Sasa?"

"Lakini..."

"Kiswahili mimi nilipata A. Wewe shuleni ulipata nini?"

"Ng'ombe. Nilitolewa nikachunge."

"Basi tulia, nikufanyie kazi."

Alipima mara mbili, akatia alama kwa penseli, akatoboa kwa keekee upande wa chini wa kitako. Mti ulikuwa mgumu, wa zamani, na unga wake ulinukia. Skrubu iliingia ikakaza vizuri. Gati aliiona kazi yake ni safi, akatandika gunia juu ya maranda ili babu alale ajaribu.

Mzee alilala kifudifudi. Bunduki ilisimama kwa miguu yake ya nyuma, kitako kikapanda juu, mtutu ukashuka hadi pua yake ikagusa sakafu.

Dafroza, mama wa chai wa kibanda cha jirani, alikuwa amekuja kuchukua vikombe vyake. Alisimama mlangoni akatazama.

"Inakula majani hiyo?" aliuliza.

Gati alisubiri babu aongezee lake. Mzee aliinuka kwa shida akaegemea meza ya kazi, akapapasa lile tundu kwa kidole gumba.

"Bunduki ya baba," alisema taratibu.

Hapo ndipo Gati aliposhtuka. Angetukanwa, angejibu. Alitoka nje, akampigia Shija.

"Kaka, nani kaandika kitako?"

"Simu, dada. Simu ndiyo imetafsiri. Kwa Kizungu mti wote wa bunduki, toka begani mpaka chini ya mtutu, una jina moja."

"Kwetu siyo moja! Kitako ni kitako, na huku mbele kuna jina lake."

"Jina gani, dada? Niambie nisahihishe."

Gati alilitafuta kichwani. A yake yote haikuwa na hilo neno. Alirudi ndani.

"Babu, hapa chini ya mtutu, unapoushikilia ukiwa unalenga, panaitwaje?"

"Sisi tunapaitaga kiganjani," mzee alisema, bado hamtazami. "Si ndiyo panakaa kiganja?"

Gati alirudia kwenye simu: "Andika kiganjani. Na ukiandika tena kabla ya kuuliza wenye bunduki, nitakuja Mwanza na keekee." Akakata, akamgeukia mzee. "Nimekosea, babu. Ulisema mbele nikakuzima."

"Ulipata A," mzee alisema. "A ya kutoboa."

Gati alicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, maana utani umerudi.

Alikata kijiti cha mti wa rangi ileile, akakichonga kikalingana na tundu, akakipaka gundi, akakigongea ndani. Kilipokauka alikisawazisha kwa patasi na msasa, kisha akapaka kiwi ya viatu. Tundu la kiganjani alilizungusha kwa mkono, bila umeme, polepole, na kila mara akisimama kupima kina ili asiuguse mtutu.

Jumamosi walikwenda wote kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, njia ya kwenda Butiama. Wazee wa chama walikuwa wamekaa kivulini.

"Baltazari, hiyo bunduki imeanza kutembea?" Wanzagi aliuliza.

"Imeanza. Imesema ije ikuone wewe unayetambaa."

Mzee alilala kwenye gunia, akakunjua miguu. Risasi ya kwanza ilipiga ubao. Ya pili miguu iliteleza kwenye jiwe, risasi ikaenda kwenye udongo, na Wanzagi akauliza kwa sauti kama chumvi ya kambini imeshanunuliwa.

Gati alichuchumaa nyuma ya mzee. "Isukume mbele kwa bega, babu, kama unasukuma randa. Ikaze, usiibembeleze."

Ya tatu ilipiga. Ya nne ilipita pembeni ya ubao. Ikabaki moja. Mkono wa kushoto wa mzee ulilala chini, ukitetemeka peke yake kwenye vumbi, haujali mtu. Bunduki haikutikisika. Mlio ulipotoka, kijana aliyeshika darubini alinyoosha vidole vitatu.

Wazee walipiga makofi. Baltazari hakuinuka. Gati alifikiri anafurahia, akampa muda. Kisha akasikia ananong'ona.

"Mke wangu. Magoti yamegoma."

"Yamegoma vipi?"

"Nimelala sana. Ninyanyue, lakini ifanye kama unanikumbatia."

Gati alimshika kwapani, akavuta. Mzee alipanda nusu, akarudi chini. Wanzagi alisogea, akavitazama vile viumbe viwili vikihangaika, akavua kofia, akaushika mkono wa pili. Wakamsimamisha.

"Sasa, mwenyekiti?" Gati aliuliza, pumzi juu.

Wanzagi alimpangusa Baltazari vumbi kifuani.

"Katiba inasema kupiga," alijibu. "Kuamka haijasema."