Karatasi ya Siku Tatu

Uji wangu wa ulezi huwa naunywa kwenye ngazi ya nyuma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taratibu, mpaka kikombe kiishe. Ni amri ya daktari, kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Nilikuwa nimefika nusu, naangalia kipande cha ziwa kinachoonekana kati ya nyumba mbili za jirani hapa Pasiansi, honi ikalia getini. Mbili fupi, moja ndefu. Pikapu ya kiwanda cha minofu ya samaki ninakofanya kazi.

"Odeta!" Dada Renatha aliita kutoka jikoni. "Sasa wanakufuata mpaka nyumbani?"

Aliyeshuka ni mzee Mashimba, dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Bosi kasema nikuchukue. Wakaguzi wanaingia saa mbili. Kasema uje ukae tu, hutafanya chochote."

Ukae tu! Jana alisema hivyo hivyo kwenye simu, nilipomwambia tumbo linasumbua kidogo. Nikaenda, nikapima sampuli arobaini na mbili za sangara, nikatapika mara mbili kwenye choo kilicho karibu na chumba cha barafu. Nilipotoka akaniuliza kama niko sawa. Nikasema hamna shida.

Hapo ndipo ninapojichukia. Juzi jioni hospitali walinipa siku tatu za kupumzika, kwa maandishi, sahihi na muhuri. Jana kutwa karatasi hiyo ilishinda kwenye mfuko wa koti langu jeupe la maabara. Nilitaka niiweke mezani kwa bosi akiwa ametoka, aisome mwenyewe, nisilazimike kufungua mdomo. Alitoka mara nne. Mara zote nne nilimfikiria Nkwabi, mwenzangu wa maabara, nikaiacha mfukoni. Jumatatu bosi anamtangaza mkuu mpya wa maabara, ni mimi au Nkwabi, na Nkwabi hajawahi kuugua hata mafua.

"Subiri kidogo, mzee," nikasema. "Kuna karatasi nataka umpelekee. Dada, koti langu liko wapi?"

"Nimelifua jana. Lilikuwa linanuka samaki mpaka sebuleni."

Lilikuwa kwenye kamba, bado limelowa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa donge jeupe kama tonge la ugali. Muhuri umebaki doa la bluu.

"Dada, hukuangalia mfuko?"

"Ningejuaje kama unafuga karatasi? Siku nzima mfukoni, ulikuwa unaiatamia?"

"Nilikuwa nataka kumpa."

"Mdomo unao. Chuo miaka mitatu, na huwezi kusema naumwa! Wewe hata wakikufunika kwenye jeneza utagonga kifuniko useme hamna shida."

Mzee Mashimba akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Simu yake ikaita. Akasikiliza, akaninyooshea.

"Odeta, pole na tumbo," alisema bosi Kashaija, kwa ile sauti yake ya upole. Afadhali angekuwa mkali. "Njoo mara moja tu. Wewe ndiye ninayekutegemea. Hamna shida, eh?"

Donge lilikuwa linanidondoshea maji mguuni. Kule kwenye ngazi uji umeshaweka utando. Na lile jibu langu la kila siku lilikuwa tayari kabisa, limefika ulimini.

"Shida ipo, bosi."

"Nini? Sikusikii."

Dada Renatha alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikageukia ukuta nisimwone.

"Shida ipo," nilirudia. "Naumwa. Daktari kanipa siku tatu, jana sikupaswa kuja. Leo siji, na kesho siji. Na hicho cheo nakitaka, bosi, nakitaka sana, sijawahi kukwambia. Lakini leo siji."