Mluzi Ukumbini Marquand

Katika ukumbi wetu wa Marquand, hapa Cleveland, ruhusa kutukana, kulia, hata kuzimia. Kupiga mluzi ni marufuku. Zamani wavuta kamba wa jukwaani walikuwa mabaharia, na mabaharia huamrishana kwa mluzi. Ukijipigia wako wa furaha, aliye juu anadhani ni amri, anakuachia gunia la mchanga utosini. Mzee Delmar Oakes alinifundisha hayo nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilijisahau mara moja tu. Alinitoa nje, uchochoroni kwenye theluji, akaniamuru nizunguke papo hapo mara tatu, kisha nibishe hodi ndipo anifungulie. Ndiyo desturi.

Kwa hiyo mchana wa ukaguzi Haldane alipoingia akipiga mluzi, mikono mfukoni, nilimtazama Mzee nikingoja radi. Mzee alikuwa amempa mgongo, anakagua fundo la kamba. Akaendelea na fundo lake. Niliumia, nikadhani amekata tamaa.

Haldane ndiye aliyeununua ukumbi, na alichotaka ni kiwanja chake tu, aegeshee magari. Jiji lilimkatalia kuubomoa maadamu ni salama. Basi akaomba lipimwe pazia la chuma, lile linaloshuka kuwakinga watazamaji jukwaa likishika moto. Amri ikitoka, lazima lifike chini ndani ya sekunde thelathini. Likichelewa, milango inafungwa na tingatinga linakuja. Wiki moja kabla ya siku ya ukaguzi akakata umeme wa jukwaani, na taa yetu ya ishara, ile inayomwambia aliye juu aachie, ikafa nao.

"Nitaita tu, Mzee," nilimwambia. "Nikisema achia, unaachia."

"Binti, pazia hili nimeliachia kabla hujaota meno," akajibu, macho kayakaza mdomoni mwangu. Akapanda ngazi futi arobaini, na miaka yake sabini na tisa, akapotelea gizani.

"Mama Vernita," Haldane akacheka, "babu akidondoka huko juu nani atamzoa?"

"Wewe. Si umezoea kuzoa vya watu?"

Mkaguzi wa jiji, Bi. Wojcik, mwanamke asiye na mzaha, akainua saa yake. "Sasa!"

"Achia!" nikaita.

Pazia halikusogea.

"Achia, Mzee! Mzee Delmar!"

"Sekunde nane," akasema Bi. Wojcik.

Niliita mpaka koo likawaka. Ndipo nikaelewa. Ule mluzi wa Haldane, si kwamba Mzee aliusamehe; hakuusikia. Masikio yake yalikuwa karibu yamekufa, naye alitufichia wote kwa kiburi, maana kiziwi hapewi kamba. Nilimkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja, na kumlaani sikuwa na nafasi.

"Kumi na tano."

"Pole sana, mama," Haldane akasema, meno yote nje.

Pole yake abaki nayo. Nilitia vidole viwili mdomoni, nikapiga mluzi ule baba yangu aliokuwa akiniitia nyumbani nikiwa mtaa wa tatu, mkali wa kutoboa hata sikio zito.

Huko juu kamba ikalia. Pazia likaja na uzito wake wote, sakafu ikatikisika, na vumbi la miaka mingi likamwagika juu ya suti ya Haldane.

"Ishirini na sita," akasema Bi. Wojcik. "Limefaulu."

"Lirudiwe! Ule ni mluzi, siyo amri!"

"Sheria inasema amri, bwana. Haisemi itolewe vipi." Akaandika, akatia sahihi.

Mzee akashuka polepole, anahema, uso umekunjamana. "Nani kapiga mluzi ukumbini mwangu?"

Nikamgeukia ayaone maneno vizuri. "Mimi."

"Nje!"

Nikatoka kwa mlango wa uchochoroni, ukajifunga nyuma yangu. Nikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haldane alikuwa kando ya gari lake anajikung'uta.

"Mna wazimu nyie," akasema. "Nitarudi na mawakili."

"Karibu sana. Ila ukiingia usipige mluzi."

Nikabisha hodi. Nikabisha tena kwa ngumi, kisha kwa kiatu. Mzee, bila shaka, hakusikia.

Nikatia vidole mdomoni.