Nguo za Tavengwa

Maidei alikuwa ameinamia sufuria la mboga, anaonja kama karanga zimekolea, alipoinua macho akamwona ndugu yake marehemu anakuja kwa baiskeli.

Kisha akamwona wa pili. Wa tatu. Wakawa Tavengwa sitini wanateremka kilima kutoka upande wa mto Runde, wanene kwa wembamba, wazungu kwa weusi, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja amembeba kifuani, anacheka na pengo lake la jino la mbele.

"Wifi," alisema Raviro, mjane wa Tavengwa, aliyekuwa anapanga sahani kando yake. "Wifi, yule si baba Kudzi?"

Mwiko ulikuwa umeshamponyoka Maidei.

Kila Julai watu hawa hutoka Harare, Bulawayo na ng'ambo, wakaendesha baiskeli siku tano kukatisha hifadhi, kuwachangia tembo. Maidei amewapikia miaka minne na hajawahi kukosana nao. Hula vizuri, hushukuru vizuri, na huoga kwa maji mengi kuliko ng'ombe wanavyokunywa, lakini hilo alilimeza. Mwaka huu walikuwa wamevaa fulana mpya za kijani, za zipu, na chini ya uso wa Tavengwa kuna maneno ya Kiingereza. Maidei aliishia darasa la saba, ila yale aliyasoma bila taabu. Alikufa kwa ajili yao, yalisema. Yao, yaani tembo.

Hasira ilimpanda kuanzia kwenye nyayo.

Tavengwa alikuwa askari wa wanyamapori. Septemba iliyopita, asubuhi, tembo jike mwenye ndama alimvunja nyonga huko porini. Redio aliyopewa ilikuwa haina betri wiki nzima, na aliyetakiwa kuleta betri alikuwa anasema kesho, kesho. Mwenzake alitembea kilomita thelathini kwa miguu kwenda kuita gari. Gari lilifika siku ya pili mchana, likamkuta ameshapoa. Kufa kwa ajili ya nani hapo? Mtu alikufa anasubiri gari!

Na nguo zake bado hazijagawiwa. Mtu akifa, nguo zake hufungiwa, hazigusi mwili wa mtu mpaka mwaka utimie, pombe ipikwe na roho yake iletwe nyumbani. Siku hiyo hutandikwa mkeka, ndugu wakaitwa mmoja mmoja, na atakayepewa koti hupewa na jina lake na kiti chake. Dada mkubwa ndiye mtunzaji. Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda cha Maidei, ufunguo shingoni mwake, na juu kabisa ya nguo ilikuwa picha hiyo ya pengo, picha pekee waliyokuwa nayo.

Ufunguo ule ulitoka shingoni mara moja tu. Mwezi wa tano mdogo wao wa mwisho, Dzingai, alikuja na uso wa huruma. "Dada, nipe nikazianike kidogo, nondo watazimaliza." Naye akampa, tena akamsifu mbele ya watu kwamba sasa amekua. Wiki mbili baadaye Dzingai akapata kazi ya kuongoza msafara wa baiskeli, na baiskeli mpya juu. Maidei alipiga vigelegele siku ile. Leo alitamani kuvirudisha kooni kimoja kimoja.

Dzingai ndiye aliyefika wa kwanza. Aliegemeza baiskeli, akaja moja kwa moja kwenye sufuria la nyama, akanyoosha mkono kuchomoa mfupa kama alivyozoea tangu utotoni. Maidei alifunika sufuria nusura amkate vidole.

"Dada! Vipi tena?"

"Picha umeitoa wapi?"

"Tuongee baadaye, watu wana njaa."

"Nimekuuliza, picha umeitoa wapi?"

Dzingai alicheka kidogo, akaangalia pembeni. "Ilikuwa inaozea sandukuni tu. Sasa dunia nzima inamjua."

"Dunia nzima! Hiyo dunia ilikuwa wapi alipokuwa anaita kwenye redio isiyoita? Hebu geuka." Akamshika bega akamgeuza. Mgongoni palikuwa na tangazo la matenki ya maji. "Heee! Kwa hiyo ndugu yangu mbele anauza tembo, nyuma anauza matenki. Mkewe ulimuuliza?"

"Mimi si mdogo wake wa damu? Tena ni heshima ile. Dada, tafadhali, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Aibu umeivaa mwenyewe, tena umeifunga zipu."

Maidei akafunika sufuria zote, ugali wa sadza, nyama na mboga, akavuta kigoda akakaa mbele yake kama mlinzi wa benki. Waendesha baiskeli walikuwa wameshapanga mstari, sahani mkononi, wametoka kukanyaga kilomita mia na kumi.

"Leo hatakula mtu hapa akiwa amemvaa ndugu yangu," alisema.

Akaitwa Bwana Greig, mwenye msafara, mzungu aliyezaliwa huku na anayeongea lugha ya huku bila kujikwaa. Alichuchumaa mbele ya kigoda kwa adabu.

"Mama Maidei, sisi tulidhani tunamkumbuka vizuri. Dzingai alituambia familia imekubali."

"Familia ile pale." Maidei alimwonyesha Raviro, ambaye alikuwa ameketi chini katika nguo zake nyeusi, amejifunika uso kwa kitambaa cha mezani. "Kamuulize amekubali lini."

Bwana Greig alimtazama Dzingai. Dzingai alitazama kofia yake mkononi.

"Mama, kesho wapiga picha wanatusubiri langoni. Tuvumilie siku mbili tu, kisha nitazikusanya zote mwenyewe."

"Vumilia wewe njaa. Mwenzio alivumilia na nyonga iliyovunjika. Dzingai! Njoo hapa usimame, uwaambie hawa watu kwa Kiingereza chao. Neno kwa neno, na ninasikia, usidhani sisikii."

Dzingai alikuja. Angefanya nini? Sauti ya dada ile ndiyo iliyomlea baada ya mama yao kufariki.

"Waambie hakufa kwa ajili ya tembo."

Akawaambia, kwa sauti ya chini.

"Pandisha sauti. Waambie alilala chini siku nzima na usiku mzima. Sema mwenzake alikwenda kwa miguu. Sema gari lilichelewa. Sema na betri."

Dzingai aliyasema, akaishia kwenye gari.

"Sema betri!"

"Redio haikuwa na betri," Dzingai alisema kwa Kiingereza, na sauti ikamkatikia hapo hapo, maana hata yeye hakuwahi kulitamka jambo hilo tangu mazishi.

"Sasa waambie nguo za maiti kwetu huvaliwa na ndugu, siku ndugu wakikaa. Nasi hatujakaa."

Mtu mmoja mstarini alisema kitu kuhusu chakula na mwenzake akampiga kiwiko. Kisha mwanamke mmoja mzee, mwenye magoti yaliyochubuka, akaweka sahani yake chini. Akafungua zipu, akabaki na singlendi iliyolowa jasho, akaikunja fulana ile uso ukiwa ndani, akampelekea Raviro kwa mikono miwili. Raviro aliipokea, akaiweka kwenye mkeka wa kukaushia vyombo.

Wengine wakafuata. Wengine kwa machozi, wengine kwa kununa, na wawili walizivua kwa kuwa tu nyama ilikuwa inanukia. Maidei hakujali sababu zao. Bwana Greig alivua yake katikati ya mstari, akabaki kifua wazi, ameungua jua kuishia shingoni tu. Mkeka ukajaa. Maidei akafunua sufuria, wakaanza kupakuliwa.

Dzingai alibaki wa mwisho. Alishika zipu, akaanza kuishusha.

"Acha," Maidei alisema.

"Dada, naivua."

"Usiivue. Hizi zinaingia sandukuni mpaka mwezi wa tisa. Wewe hukuweza kungoja, umeshajigawia. Siku tukitandika mkeka tutamtafuta mtu mwingine wa kupewa koti, na jina, na kiti. Fungu lako ndilo hilo ulilovaa."

"Dada, nilikosea. Nipige basi."

Ingekuwa bora angempiga, na wote wawili walijua. Maidei alichukua sahani, akapakua sadza, akaweka mboga, akachagua mfupa mnene kuliko yote. Akamletea maji ya kunawa kwenye beseni. Kisha akapiga goti moja, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kumfanyia tangu azaliwe.

"Karibu chakula, mgeni," alisema.