Punda wa Bibi Kusum

Mtaa wa Shantikunj, pale Nagpur, haujawahi kuzaa mtoto mwenye akili. Huamini? Kaulize bibi yeyote kibarazani. Kila mmoja atakuapia kwamba wa kwake ni mzigo, tena mzigo usio na hata pa kushikia. Mtoto akipata tisini na nane kwa mia, mwalimu alikuwa na homa siku ya kusahihisha. Akishinda mbio, wenzake walijikwaa. Na sababu kila mtu anaijua: jicho. Jicho la jirani likitua kwenye kitu kizuri, kitu hicho Ijumaa hakiioni. Ndiyo maana kizuri hufunikwa kwa matusi, kama maziwa yanavyofunikwa paka asiyaone.

Kwenye fani hiyo, Bibi Kusum Pophali hakuwa na mpinzani. Alifundisha Kiingereza shule ya wasichana mpaka akastaafu, kwa hiyo yeye alimkinga mjukuu wake Ninad kwa matusi ya lugha tatu.

"Punda wangu kaamka?" alikuwa akiuliza kila asubuhi, kwa sauti ya kufika ghorofa ya chini.

"Nimeamka, Bibi."

"Bora ungelala. Ukilala unafanana na mtu mwenye akili."

Halafu anamwekea samli kwenye chapati mpaka inachuruzika mkononi.

Sasa huyu Ninad, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa na ugonjwa wa vyura. Anawapenda kufa. Msimu wa mvua alikuwa hakai nyumbani, yuko ziwani anachungulia matope. Na kule Ohio, Marekani, kulikuwa na chuo kidogo kiitwacho Pennwick, chenye profesa aliyekuwa hafanyi kazi nyingine duniani ila kusikiliza vyura. Ninad alikitaka chuo hicho kama mgonjwa anavyotaka maji. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, ameshaumaliza, alama zimetoka safi, maombi yameshakwenda. Kilichobaki ni usaili kwa video, na akiuharibu basi ataingizwa uhandisi kwenye chuo cha mjomba wake hapo hapo Nagpur, ambako chura pekee ni mjomba mwenyewe.

Aliyemwandalia maombi ni Bwana Malpani, mwenye ofisi juu ya duka la barfi za machungwa, vile vitamutamu vya maziwa. Siku ya kwanza alimtazama Ninad kama fundi anavyotazama gari bovu.

"Dogo, Wamarekani hawataki mtu. Wanataka kiongozi. Unafanya nini ukitoka shule?"

"Nashika vyura."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Safi. Umeanzisha shirika la kuokoa ziwa."

"Mimi? Sijaanzisha, bwana."

"Umeanzisha sasa hivi. Hongera sana, mkurugenzi." Akaandika kabisa. "Na kwenye usaili, jisifu. Usione haya. Jisifu mpaka haya yenyewe itoke chumbani."

Siku ya usaili ikafika, mwezi wa Januari. Ninad alivaa shati jeupe la mikono mirefu. Bibi akamlisha kijiko cha mtindi na sukari ya kumfungulia heri, akamzungushia chumvi na pilipili kichwani, akaenda kuzichoma jikoni mpaka nyumba nzima ikapiga chafya. Kisha akamtia doti la wanja katikati ya shavu.

"Bibi, jamani! Ataona!"

"Ndiyo aone. Aone una kasoro."

Wakavutana, doti likahamia nyuma ya sikio. Lakini Ninad alipofungua kompyuta, mwanamke wa upande wa pili akamwambia kwa upole kwamba yeye haoni uso, anaona ndimu moja na pilipili saba. Bibi alikuwa amezitundika kwenye kamera kwa uzi, za kufukuza jicho.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Bi Lund. Ni mzee, amesoma Pennwick zamani za kale, na kwao ilikuwa asubuhi. Alikuwa na kikombe cha kahawa na paka wa rangi ya kutu. Ninad akaitoa ndimu na pilipili zake, akaanza kujisifu kama alivyofundishwa.

"Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa..."

Bibi alikuwa nyuma ya pazia. Pazia likaguna.

"...na ni mwanzilishi wa shirika la Okoa Ziwa, ambalo..."

Pazia likakohoa. Na hapo hapo kile kiboksi cha intaneti kikazima taa zake zote. Bi Lund akaganda mdomo wazi, kikombe kikiwa njiani.

Ninad akateremka ngazi mbio kama aliyeibiwa, akagonga kwa jirani wa chini, Bi Sapre.

"Shangazi, naomba mtandao wenu, dakika chache tu!"

"Wa nini, mwanangu?"

Hapo Ninad akakumbuka kwamba mtaani hakuna ajuaye habari za Marekani. Bibi alikuwa ameapa atakayefungua mdomo atakula mboga ya mchunga mwaka mzima.

"Kriketi," akasema. "Inakaribia kwisha."

"Na shati hilo jeupe?"

"Naiheshimu sana kriketi."

Nyuma ya Bi Sapre akapita binti yake, Ketaki, wa rika moja na Ninad. Juu kavaa koti la heshima na kola, chini pajama la ndizi ndizi. Alipomwona Ninad akaruka nyuma ya mlango.

"Huyo anajaribu nguo za harusi ya binamu," Bi Sapre akasema haraka. "Si unamjua Ketaki wangu. Kichwa maji. Kusoma kumemshinda, angalau apendeze. Na mtandao wetu nao umekufa tangu jana, pole."

Ajabu, mtandao uliokufa ulikuwa unasikika ukiongea Kiingereza chumba cha ndani. Lakini Ninad hakuwa na nafasi ya kushangaa. Akapanda tena ngazi. Mlangoni akasikia sauti ya bibi yake, ile ya kufundishia darasa la wasichana hamsini.

Kiboksi kilikuwa kimewaka chenyewe. Na Bibi Kusum alikuwa amekikalia kiti.

"Akili?" alikuwa anasema. "Mama, nani kakudanganya? Zile alama ni bahati. Siku ile wenye akili wote waliumwa matumbo."

"Watu wote wa Nagpur?" Bi Lund akauliza.

"Kulikuwa na harusi."

Ninad akaingia mbio. "Bibi! Toka!"

"Ngoja kwanza, naongea na watu wazima. Mtoto huyu hawezi kuchemsha maji. Nguo zake anazitafuta akiwa amezivaa. Uongozi? Hata mbuzi hawamfuati, na mbuzi hufuata mtu yeyote."

"Na lile shirika la kuokoa ziwa?" akauliza Bi Lund.

"Ziwa lipi? Ziwa ndilo liliomba kuokolewa! Alimfuata chura akatumbukia mzima mzima, akarudi na kiatu kimoja na vyura wanne. Miezi mitatu siogi kwa raha. Ndoo ya kuogea inanitazama."

Paka wa Bi Lund akapiga mwayo.

"Ninad," akaita Bi Lund, "njoo ukae. Shirika lako lina wanachama wangapi?"

Ninad akakaa ubavuni mwa bibi yake. Kichwani alimsikia Bwana Malpani akimwambia, taja mia tatu, dogo, taja mia tatu! Lakini hebu fikiria: uko na bibi yako hapo, bega kwa bega, ananuka karafuu na mafuta ya nazi, ameshasema yake mbele ya mgeni. Utambishia? Katika ukoo wa Pophali hajazaliwa wa kumwita bibi mwongo.

"Mmoja," akasema.

"Na alizama," Bibi akamalizia.

"Sikuzama, Bibi, niliteleza! Kulikuwa na chura mdogo wa manjano, anaita kama mtu anayegonga kijiko kwenye glasi. Nilikuwa nimemsikia kwa siku kadhaa bila kumwona. Ndiyo nikaegemea..."

"Anaitaje?" akauliza Bi Lund.

Ninad akaita. Tik, tik, tik. Bafuni, kutoka kwenye ndoo, chura mmoja aliyebaki tangu mvua akaitikia. Ninad akaenda kumleta. Chura akaruka, akatua kwenye kompyuta, na kidole chake cha nyuma ndicho kilichofunga usaili.

"Umeniua, Bibi," Ninad akasema, kichwa mezani. "Umenizika na kaburi umelipiga plasta."

"Nimekukinga, punda wewe. Yule mama macho yake umeyaona? Ya bluu! Mtu mwenye macho kama yale unamwambia wewe ni kiongozi wa kuzaliwa? Ungevunjika mguu kabla ya chai."

Kwa wiki nyingi Ninad alimwamkia bibi bila kumtazama. Bibi alimwita punda mara mbili zaidi, na samli ikaongezeka vile vile.

Mwezi wa Machi, asubuhi, majibu yakaingia. Ninad aliyafungua, jicho moja likiwa limefumbwa. Akasoma. Akasoma tena. Wamemchukua, na gharama watalipa wao, na chini Bi Lund mwenyewe ameongeza kwamba amewasaili viongozi wengi mwaka huu, ila mtu mmoja tu ambaye bibi yake anamjua hivyo.

Ninad akafungua mdomo kupiga yowe. Bibi akauziba kwa chapati.

Kisha bibi mwenyewe akasoma, herufi kwa herufi, akajifuta macho kwa upindo wa sari. Akatoka kibarazani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wamemkataa!" akalia. "Majirani! Marekani wamemkataa punda wangu!"

Mtaa ukamiminika. Huyu na laddu, vile vitamutamu vya mviringo, yule na sufuria ya khichdi, wali wa dengu. Bi Sapre akaja na machozi halisi kabisa.

"Pole, Bi Kusum. Usijione uko peke yako. Hata Ketaki wangu aliomba, kimya kimya. Kakataliwa kote, mpaka na vyuo ambavyo hakuomba."

Wakakumbatiana, wakalia. Ninad alikaa kwenye kochi na uso wa msiba, analishwa laddu za pole kila saa. Mpaka Juni suruali zake zote zilikuwa zinagoma kufunga.

Juni hiyo hiyo, jua likiwaka, Ninad na bibi yake walikuwa Mumbai, nje ya ubalozi mdogo wa Marekani, kwenye foleni ya viza. Mbele yao kulikuwa na binti mwenye koti la heshima. Ninad akalijua lile koti hata bila pajama.

Binti akageuka. Mama yake naye akageuka.

"Ee, Bi Kusum!" Bi Sapre akasema, sauti ikipanda. "Mumbai? Kulikoni?"

"Jino," Bibi akajibu. "La Ninad. Nyie je?"

"Harusi. Ya binamu."

"Ile ya Januari?" Ninad akauliza.

"Imechelewa."

Watoto wote wawili walikuwa na pasipoti mkononi. Mlinzi akapaza sauti: "Wanafunzi waliopata vyuo, mstari wa kulia!"

Ninad akamtazama Ketaki. Ketaki akatazama viatu vyake. Wakasogea kulia, pamoja, kama wezi wawili wa duka moja.

Wale wakubwa wakabaki wameangaliana. Bibi Kusum ndiye aliyeanza.

"Huyo mtoto wako," akasema polepole, "ana kichwa kama boga lililolaliwa na nyati."

Bi Sapre akadakia hapo hapo. "Na wako ana miguu kama mianzi iliyoliwa na mchwa. Nchi nzima haina mjinga kama yule."

"Wako kamzidi!"

"Hamfikii wako!"

Machozi yakawa yanawatoka. Bi Sapre akachomoa kikopo cha wanja kwenye mkoba. Wakaukimbilia ule mstari wa kulia, Bibi Kusum akamtia doti Ketaki, Bi Sapre akamtia Ninad, shavuni, katikati kabisa. Safari hii Ninad hakuvutana.

Mlinzi akaja na kirungu. "Mama zangu, mbona mnawatukana watoto wa watu hadharani?"

"Tupishe, baba," akasema Bibi Kusum, akijifuta pua. "Hapa tunashangilia."