Mama Mkwe na Gari la Nyuma

Kazi yangu ni kuendesha gari linalokaa nyuma ya watu wote. Katika msafara wetu wa baiskeli kuna gari la mbele, linalobeba mahema na chakula, na kuna langu, linalobeba walioshindwa. Waendeshaji wameliita Fagio. Hakuna anayelipenda mpaka miguu igome. Mtu aliyenitania asubuhi kwa ajili ya tumbo langu huniita "ndugu yangu" ikifika mchana, na mimi humfungulia mlango bila kinyongo.

Mwaka huu mtu wa mwisho msafarani alikuwa mama mkwe wangu.

Ngoja nieleze kabla hamjacheka. Mama ni mkunga mstaafu, na maisha yake yote ya kazi alikwenda hospitali kwa baiskeli. Tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake katika nyumba yenye ngazi mbovu. Miezi michache iliyopita aliteleza kwenye ngazi hizo, akalala sakafuni hadi jirani alipokuja kuomba kiberiti. Mke wangu akasema basi, mama anahamia kwetu. Mama akasema yeye si kabati la kuhamishwa. Walivutana kwenye simu wiki nzima, mpaka mama akatoa sharti: atajiunga na msafara wetu, na siku ya mlima ndiyo itakayoamua. Akiupanda hadi kileleni kwa miguu yake, abaki nyumbani kwake na asisumbuliwe tena. Akiingia kwenye gari langu, hata kwa kipande kidogo tu cha njia, afungashe virago aje kwetu.

"Na wewe ndiye shahidi," mke wangu akaniambia. "Usimwonee haya. Mpandishe tu."

Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Watu huchukulia kwamba mwanamume hawezi kutaka mama mkwe ahamie kwake, kwa hiyo wenzangu kazini walinipa pole mapema, wengine kwa kunipigapiga begani. Ukweli ni kwamba nilitaka aje. Anapotutembelea huamka alfajiri, na mimi pia, tunakunywa chai jikoni bila kusema neno, na siku hiyo hunikalia vizuri. Lakini hayo utamwambiaje mama mkwe? Nikanyamaza.

Shida yangu haikuwa mlima. Shida ilikuwa kaptura.

Waendesha baiskeli huvaa kaptura nyeusi za kubana, zenye sponji sehemu ya kukalia. Siku ya kwanza mama alijifunga kitenge juu ya kaptura yake, kitenge kikaingia kwenye mnyororo, akaanguka mbele ya kituo cha mafuta. Kiongozi wa msafara, ambaye tunamwita Filimbi kwa sababu hata akitaka chumvi mezani anapuliza, akapiga vitenge marufuku. Kwa hiyo mama mkwe wangu akawa mbele yangu kila siku akiwa na kaptura, ameinamia usukani, na sheria ya kazi inasema gari la nyuma lisimwache mtu wa mwisho apotee machoni.

Mimi nimefunzwa adabu. Kuna vitu mkwe haangalii. Nikatafuta njia ya katikati: nilikaa kona moja nyuma yake, na barabara ikinyooka niliteremsha kile kibao cha kuzuia jua, nikaangalia pembeni. Sijawahi kuijua mandhari vizuri namna ile.

Asubuhi ya mlima Filimbi alituchorea njia kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari langu. Ilipinda kama utumbo. "Leo ni kupanda tu," akasema. "Atakayechoka, Fagio lipo." Wote wakacheka isipokuwa mama, aliyekuwa ameinama anakaza kamba za viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo usinikaribie. Sitaki kusikia hilo gari likinipumulia mgongoni."

"Sitakukaribia, mama."

Ahadi hiyo niliitimiza kupita kiasi.

Wa kwanza kusalimu amri alikuwa daktari wa meno, mwenye baiskeli nyepesi kuliko zote msafarani, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha. Alisema tatizo ni gia. Nikakubali kwamba ni gia. Nikafunga baiskeli yake juu ya gari, yeye nikamketisha nyuma kati ya mabegi, akaanza kula ndizi za watu wengine.

Mke wangu akapiga simu. "Ameingia?"

"Bado."

"Anaonekanaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe uko nyuma yake?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Tulipofika juu ya msitu ukungu ukashuka, na manyunyu yakaanza. Nilipokata kona moja kali nikamwona mama mbele, amesimama kando ya barabara karibu na kibanda cha mafundi wa barabara, baiskeli imelazwa chini. Nilimwona kwa jicho moja, na kwa muda mfupi sana. Mtu aliyesimama porini peke yake, karibu na ukuta, na tulikotoka hakuna choo kwa mwendo wa nusu siku: nikajua anataka kujisaidia. Hapo adabu haina mjadala. Nikageuza uso upande wa bondeni, nikakanyaga mafuta, nikampita. Nilikwenda kona mbili zaidi, nikaegesha, nikazima injini na kusubiri kwa heshima zote.

Akatokea baada ya muda, anakanyaga pedali kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona tangu tuanze safari. Nikatoa kichwa dirishani. "Pole, mama!"

Hakuitika. Alinipita akitazama mbele, mdomo ameubana. Nikajua huyu anafika, na akifika, basi tena, anarudi kwenye ngazi zake. Nikawasha gari nikamfuata, kona moja nyuma.

Akafika. Kileleni kuna uwanja wa changarawe na kibao cha chuma kilicholiwa na kutu. Wenzake walikuwa wamejikunyata kwenye gari la mbele na vikombe vyao vya chai, wakamshangilia, Filimbi akapuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mama akashuka kwenye baiskeli bila kumtazama mtu.

"Hongera zake," daktari wa meno akasema nyuma yangu, akimenya ndizi. "Ila pale kibandani nilidhani anakuja na sisi. Vile alivyokuwa anatupungia mkono."

"Anatupungia?"

"Mikono yote miwili. Nikadhani mnasalimiana."

Nikashuka. Mama alinisubiri nimfikie.

"Umefurahi?" akauliza.

"Mama..."

"Nimeshuka mwenyewe. Nimeinua mikono mwenyewe, na umri huu. Unadhani ilikuwa rahisi? Ukaniona, ukageuza uso, ukakanyaga mafuta. Nimekuelewa, baba. Nyumba ni yako. Ungesema mapema tu, nisingejitesa."

"Mama, sikuona unapunga."

"Uligeuza uso!"

"Ndiyo maana sikuona."

"Sasa uligeuza kwa nini?"

Daktari wa meno alifungua dirisha ili asikie vizuri.

"Kwa sababu ya kaptura," nikasema.

Manyunyu yaliendelea.

"Nilidhani umesimama kujisaidia," nikasema. "Na hata kama siyo hivyo, mama, siku zote hizi sijakuangalia. Siwezi. Naangalia milima."

Mama akaitazama kaptura yake. Akaitazama ya Filimbi, ambayo ilikuwa na hali mbaya zaidi. "Mimi nimezalisha watu tangu hujazaliwa," akasema taratibu, "hakuna ambacho sijakiona. Na wewe karibu uniue kwa adabu."

Akakaa kwenye jiwe. Alipoanza kusema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Sharti lile nililiweka ili nishindwe. Nimechoka kula peke yangu. Jioni nikizima redio, nyumba nzima inanyamaza. Lakini mwanangu namjua, kila siku angenikumbusha kwamba alisema. Nikaona afadhali nishindwe na mlima. Halafu nao nimeupanda, kwa hasira."

Simu ikalia mfukoni mwangu. Ilikuwa mke wangu.

"Usipokee," mama akasema. "Nijibu kwanza. Nimeshinda, na sharti ni sharti, narudi kwangu. Mwanangu anataka nije, amelisema mpaka koo limemkauka. Wewe je?"

Nikamtazama usoni vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari. Mvi zilikuwa zimemgandia kwenye paji la uso, na midomo ilikuwa inamtetemeka kwa baridi.

"Nataka uje, mama," nikasema. "Si kwa ajili ya ngazi. Nataka tu uje."

Simu ikakatika, ikalia tena. Mama akanyoosha mkono, nikampa.

"Haloo," akasema, akiwa bado kwenye jiwe lake, kilele kizima chini ya miguu yake. "Mimi mama yako. Ndiyo. Nimeingia kwenye gari. Nimeshindwa, tena usinicheke. Kama huamini, muulize shahidi wako."

Akanirudishia simu.

"Ni kweli?" mke wangu akauliza. "Ameingia?"

"Ameingia," nikasema.

"Wapi? Kona ipi?"

Nikamtazama mama.

"Ya mwisho," akaninong'oneza.

"Kona ya mwisho," nikasema.