Pini za Ofisi ya Mkoa

Boksi moja la pini. Mihayo aliiweka LPO juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi, na mihuri yote ilikuwapo: wa afisa ugavi, wa mhasibu na ule wa bluu wa ofisi ya mkoa. Baba aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Serikali nzima," alisema, "imekosa pini?"

"Zimekwisha, Baba Sneha," Mihayo alijibu, huku macho yake yakiwa kwenye rafu za nyuma, nilikosimama mimi.

Miaka hiyo ya tisini mwanzoni, ofisi za Shinyanga hazikununua vitu kwa fedha mkononi. Karani alikuja dukani na LPO, ile karatasi ya serikali, akachukua mzigo, nasi tukangoja Hazina itulipe itakapojisikia. Makarani wengine walikuja kwa nadra, na lori. Mihayo naye alianza hivyo. Kisha akaanza kuja kila mwezi, kisha kila wiki, na mzigo ukawa unapungua kila anapokuja: leo karatasi za kaboni, wiki ijayo wino, mara gundi. Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye aibu, mashati yake yamepigwa pasi hadi yanataka kusimama yenyewe. Nilijua kabla ya baba kwamba ofisi ya mkoa haikuwa na shida ya pini.

Hatukuwahi kuambiana neno. Tuliongea habari za mvua, za pamba, za treni iliyochelewa. Alinifundisha kusema wabeja badala ya asante, akacheka nilivyoitamka. Alipotia saini aliivuta kalamu taratibu, nami nilihesabu bahasha na kukosea makusudi ili nianze upya. Ndivyo tulivyopendana, kama mtu anataka kujua. Binti wa Kihindi na karani wa Kisukuma, mji mdogo ule, kaunta katikati. Nani angethubutu zaidi ya hapo?

Mwaka tisini na tano wakaja wakaguzi kutoka Dar es Salaam. Kwao, manunuzi yaliyovunjwavunjwa vile yalikuwa na maana moja tu: karani anaikwepa bodi ya zabuni ili duka moja lifaidi, naye apewe chake pembeni. Mihayo akasimamishwa kazi. Baba akaambiwa asithubutu kuondoka mjini.

Siku chache baadaye mhasibu wa mkoa, Mama Paskalia, aliingia dukani akijifanya anatafuta soksi za mtoto. Alinivuta kwenye kona ya vitambaa.

"Mwanangu, mimi si kipofu," alisema. "Uzembe ni barua ya onyo. Wizi ni kufukuzwa. Kama kuna sababu nyingine iliyokuwa inamleta yule kijana hapa, kesho mtu aje aiseme kwenye kikao cha nidhamu. Yeye hatasema, hata umkate kidole."

Nilimwambia baba wakati wa chakula. Mama aliacha kukanda unga, mikono ikabaki ndani ya sinia.

"Ukisema hayo mbele za watu, Sneha, nani atakuoa?" baba aliuliza.

"Sijui. Lakini yeye atabaki na kazi yake."

Hakunizuia. Asubuhi alinipeleka mwenyewe kwa pikapu, akakaa ndani ya gari na vioo amevifunga, katika joto lile la Oktoba. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Kikaoni walikuwamo wanaume wachache na Mama Paskalia. Mihayo alikuwa ameketi peke yake, upande wa dirisha, na shati lilelile la pasi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ikanipotea mlangoni.

"Alikuwa anakuja kuniona mimi," nilisema. "Ndiyo sababu alinunua kidogo kidogo. Na mimi nilikuwa namsubiri."

Mkaguzi mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti alimgeukia Mihayo na kumuuliza kama ni kweli.

Mihayo alisimama. Hakunitazama. "Si kweli, mzee. Huyu dada ananionea huruma tu. Vifaa nilikuwa naviuza sokoni. Baba yake hakujua. Na yeye hakujua."

Mama Paskalia alifungua mdomo. Alijua stoo ya mkoa imejaa pini na gundi hadi darini. Lakini mtu akishakiri mwenyewe, nani atahangaika kwenda kufungua stoo? Wakamfukuza kazi siku hiyohiyo, na kwa kuwa mali ilikuwa kidogo hawakumfikisha mahakamani. Duka letu likarudishiwa jina lake. Mtaa mzima ukanisifu kuwa nina moyo wa huruma, na akina mama wa hekaluni wakaanza kunitajia wachumba.

Niliumia hadi chakula kikanishinda. Nilikuwa nimesema mbele ya watu jambo ambalo sikuwahi kulisema hata peke yangu chumbani, naye akalikana kama vile nimemsingizia. Watu waliniambia alikwenda Geita, kwenye dhahabu. Sikumtafuta. Niliolewa Mwanza na Rohit, muuza pampu, mtu mwema, na sina la kumlaumu.

Mwaka tisini na nane Rohit alipata wateja Nyarugusu, hukohuko Geita, wachimbaji waliotaka pampu za kunyonya maji kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Nilimsindikiza. Alipokuwa akipatana bei nilishuka kwenye lori kunyoosha miguu, nikafika mwaloni wanakooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Mihayo alikuwa pale, ameinama na ndoo, suruali imekunjwa, miguu imepauka kwa tope hadi magotini. Aliponiona alijipangusa mkono mmoja kwenye shati.

Tulisalimiana kama watu wazima. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini ulisema uliiba?"

"Yule mtu alikucheka. Nikaona bora wanicheke mimi. Wewe umekuja kunisaidia, halafu uharibikiwe maisha kwa ajili ya kazi yangu?"

"Sikuja kukusaidia, Mihayo."

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Kusema. Yale niliyosema, ndiyo niliyokuja kusema."

Mashine ya kusagia mawe ilikuwa inanguruma nyuma yetu, nikadhani hakunisikia. Lakini ndoo ilikuwa imemtoka mkononi, na maji yalimwagika miguuni pake bila yeye kusogea.

"Nilidhani ni huruma," alisema. "Mungu anisikie, nilidhani ni huruma."

Nilitaka kumgusa. Sikuwahi kumgusa hata mara moja, na sikumgusa siku ile pia. Rohit alipiga honi kutoka kwenye lori, akapiga tena. Mihayo alilitazama lori, akazitazama bangili zangu za ndoa, kisha akainama kuiokota ndoo yake.

"Nenda, dada," alisema. "Shemeji anakuita."