Tangazo Lililosahau Wagonjwa

Tangazo lilikuwa la Kahongya. Alilitia sahihi Jumamosi, yeye rais wa société civile, jumuiya ya raia ya mtaa wao huko Ruwenzori, Beni: siku mbili za ville morte, maduka yafungwe, gari lolote lisitembee, mpaka serikali iseme itafanya nini kuhusu watu wanaouawa mashambani. Watu walitii.

Jumatatu saa mbili asubuhi, daktari Elikia akampigia simu. Serikali ilikuwa imemtuma daktari huyo kutoka mkoa wa Équateur kufuatilia Ebola, na kwa miezi saba wawili hao walikuwa wamegombana na kupatana mpaka wakachoka.

"Papa président, Christa, ule mushonaji aliosha maiti ya mama yake, ameamuka na homa. Anakubali kuja. Mais vijana bamezuia ambulansi. Bureau yetu ya Ebola inasema nitume basoda na bunduki bafungue njia."

"Usitume. Ninakuya."

Hapakuwa na pikipiki. Alitembea saa nzima, magoti yakimuuma.

Kwenye kizuizi ambulansi ilipokwama, Zorobabel, mkubwa wa vijana, alimkunjulia karatasi ya tangazo. "Papa, soma weye mwenyewe. Gari lolote."

"Hata ya bagonjwa?"

"Haikuandikwa. Kila siku munasema hatujue kutii. Leo tunatii!"

Wenzake wakacheka.

Kweli haikuandikwa. Matangazo yote ya nyuma yaliruhusu wagonjwa wapite; hili aliliandika akitoka kuwazika waliouawa, kwa hasira.

"Nilisahau," alisema. "Kosa ni yangu."

Vijana walikuwa wamejiandaa kukaripiwa. Zorobabel akakuna kichwa. "Donc tangulia kwa miguu, bale ba mbele bakuone."

Vizuizi vilikuwa vinne. Kahongya alitembea mbele ya ambulansi, na kwenye kila kimoja akarudia kwamba kosa ni lake.

Christa alikuwa ameketi mlangoni, mfuko magotini, jasho likimtoka. Alipanda mwenyewe, majirani wakitazama kwa mbali.

Walifika kwenye kituo cha matibabu saa nane mchana.

"Ile masaa tulipoteza, itamuumiza?" Kahongya aliuliza.

Elikia alinawa mikono kwa muda mrefu. "Sijue, papa. Dawa amepata sasa."

Christa aliwaona kupitia ukuta wa plastiki wa chumba chake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani alifunga njia?"

Elikia alitaka kujibu. Kahongya akamtangulia. "Ni miye, mama."

"Basi kaa hapo," Christa akasema, "mupaka tujue kama nitapona."

Elikia akaleta viti viwili.